Mguu Usiouma, Nani Ataulinda?

Mwalimu mmoja wa mtaa ametuletea swali, naye ametuomba tulijibu katika gazeti hili ili walimu wengine walisome pia, maana asema kwamba halimhusu yeye peke yake. Katika mtaa wake yuko mzee wa kanisa, fundi seremala, mtu wa miaka sitini na zaidi, ambaye ameugua ugonjwa wa sukari kwa muda mrefu. Chini ya mguu wake wa kuume, penye shina la kidole gumba, pana kidonda chenye upana wa sarafu, nacho kimekaa miezi saba. Watu wa zamani walikiita kidonda cha namna hiyo donda ndugu, wala hawakukosea jina, kwa kuwa huja kama mgeni, kisha hukaa kama mtu wa nyumba. Basi wana wa mzee huyu walioko mjini wameona katika simu zao habari za chombo kinachopeleka nguvu ya umeme katika kidonda ili kipone upesi, nao wamewaandikia wazee wa mtaa wakiomba mchango wa kukinunua.

Hapo mashauri yakagawanyika. Wako waliosema ya kwamba umeme huua watu, na kumtia mgonjwa umeme mwilini ni mambo ya giza. Wengine wakasema ni elimu ya kisasa, kinunuliwe mara moja. Na wa tatu, ambao mwalimu asema ndio wengi, walinena hivi: “Mzee huyu aliambiwa na daktari asiukanyagie mguu ule, naye kila siku twamwona amesimama mezani pake akipiga randa. Yeye mwenyewe hakuuhurumia mguu wake. Sisi tuuhurumie kwa fedha zetu?” Mwalimu amaliza barua yake kwa kutuuliza, “Baba Mchungaji, katika hao watatu ni nani aliye na haki?”

Tuanze na wale wa kwanza, kwa kuwa hofu yao ni rahisi kuituliza. Umeme si mgeni katika mwili wa mtu. Luigi Galvani wa Bologna, katika nchi ya Italia, alitangaza mwaka 1791 jinsi miguu ya chura aliyekwisha kufa ilivyoruka ilipoguswa na madini ya namna mbili. Na mwaka 1843 Mjerumani Emil du Bois-Reymond alipima mkondo mdogo wa umeme uliokuwa ukitoka katika jeraha la kidole chake mwenyewe. Ngozi iliyo nzima hujiwekea akiba ya umeme, upande wake wa ndani ukitofautiana na wa nje, mfano wa betri ya tochi. Ngozi ikipasuka, akiba ile huvuja kwa njia ya jeraha, na mkondo wake huwa kama njia iliyokanyagwa, ambayo chembe hai za ngozi huifuata kwenda kuziba pengo. Mwaka 2006 Min Zhao na wenzake walionyesha katika jarida la Nature ya kwamba chembe hizo hutii mkondo huo kwa namna ya ajabu: ukigeuzwa, nazo hugeuka kurudi nyuma, na jeraha hupanuka badala ya kufunga.

Kwa hiyo daktari akitumia umeme kidondani haleti kitu kigeni. Auongezea nguvu mwito ambao mwili wenyewe umekwisha kuutoa. Hata hivyo si kila mtu afaa kutiwa. Mwenye chombo cha kusaidia mapigo ya moyo kifuani, mwenye saratani mahali pale, na mwenye ugonjwa uliokwisha kuingia mfupani, hao huzuiliwa, na ndiyo sababu hatupendi kabisa mtu ajinunulie chombo cha namna hii kwa kuona picha katika simu.

Wale wa pili wataka kujua kama chafaa kweli. Liko jaribio moja lililoandikwa na madaktari wa Marekani mwaka 2001, nasi tumelisoma mara nyingi kuliko tulivyotazamia, kwa ajili ya jambo moja lililomo ambalo tutalitaja. Walichukua wagonjwa 40 wa sukari wenye vidonda vya miguu, wakawagawa mafungu mawili ya watu 20. Wote walitibiwa sawasawa: kila juma ngozi iliyokufa ilikatwa, kidonda kikatiwa dawa, na kila mmoja akapewa buti la kuvua na kuvaa lililotengenezwa ili kupunguza uzito unaoanguka kidondani. Zaidi ya hayo, kila usiku walivaa soksi iliyofumwa kwa nyuzi zenye madini ya fedha, iliyounganishwa na chombo kidogo, muda wa saa nane. Katika fungu moja chombo kilipeleka umeme. Katika la pili kilifanana na kile kwa kila namna, ila hakikupeleka kitu. Baada ya majuma 12, katika kila mia wa fungu la umeme 65 walikuwa wamepona, na katika fungu lile lingine 35.

Msomaji atasema, basi shauri limekwisha. Bado. Kwanza watu 40 ni wachache, na wenye hesabu walikiri kwamba tofauti hiyo ilisimama karibu sana na mpaka wa bahati, wala haikuuvuka. Pili, na hili ndilo lililoturudisha mara nyingi, waliwatenga wale waliovaa soksi kwa uaminifu na wale waliovaa siku hii wakaacha siku ile. Waliotiwa umeme wakavaa kwa uaminifu walipona 71 katika mia; waliotiwa umeme bila uaminifu 50. Na katika fungu la chombo kisicho na umeme wowote, waaminifu walipona 39, na wazembe 29.

Hebu tazameni hesabu hizo mbili za mwisho. Soksi hizo hazikuwa na nguvu yo yote ndani yake, nao waliozivaa vizuri wakaonekana kuwapita kidogo wenzao. Tofauti ni ndogo, wala hatutaki kuipa uzito kupita kiasi. Lakini twadhani mtu akumbukaye soksi yake kila usiku ndiye akumbukaye buti lake mchana, na buti ni dawa.

Wenye mamlaka nao wamekwenda kwa tahadhari. Mwaka 2002 serikali ya Marekani ilikubali kuwalipia wazee gharama za umeme katika vidonda hivi, lakini kwa masharti: kwanza mgonjwa awe ametibiwa kwa njia za kawaida siku 30 bila kidonda kuonyesha dalili ya kupona, tena chombo kisitumiwe nyumbani pasipo msimamizi. Na jamii ya madaktari wa mataifa mengi wanaoshughulika na mguu wa mgonjwa wa sukari, katika maongozi yao ya mwaka 2019, walishauri umeme usichukue nafasi ya matunzo yaliyokwisha kuthibitika. Umeme ni msaidizi, nao hauna kazi kama hakuna wa kumsaidia.

Sasa twafika kwa wale wa tatu, nao ndio waliotunyima usingizi, kwa sababu maneno yao yana sura ya haki.

Yafaa kwanza tujue mbona kidonda hiki hakifungi. Sukari ikizidi katika damu miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu iendayo miguuni. Tena huifanya mishipa ya damu kuwa myembamba. Mguu hupoteza hisia kidogo kidogo, pasipo kelele. Vidole hujikunja, uzito wa mwili huangukia mahali pamoja, na hapo sugu huota. Chini ya sugu nyama hupondeka, na siku sugu ikipasuka, kidonda kimekwisha kuwa na chumba ndani. Mtu mwenye afya akikanyaga kokoto huchechemea. Huyu hachechemei. Hutembea juu ya kidonda chake kama atembeaye juu ya mkeka, na kila hatua huvunja kile ambacho usiku umejenga.

Aliyelieleza jambo hili kuliko wote alikuwa daktari wa misheni, Paul Brand, aliyezaliwa India mwaka 1914. Tangu mwaka 1946 alifanya kazi Vellore, katika India ya kusini, miongoni mwa wagonjwa wa ukoma, akagundua ya kwamba vidole vyao na nyayo zao ziliharibika zaidi kwa sababu hawakusikia maumivu walipoungua, walipokatwa na walipokanyaga, wala si kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa ukila nyama. Mwaka 1966 alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, katika jimbo la Louisiana, na maarifa yale yale yakawafaa wagonjwa wa sukari.

Huko Marekani Brand na wenzake walijaribu jambo ambalo lahusu kabisa swali letu. Walitaka kuwapa wagonjwa maumivu ya kutengenezwa. Walitia katika glavu na soksi vyombo vidogo vya kupima mkandamizo, na mkandamizo ukizidi, mgonjwa alisikia mlio sikioni. Wagonjwa waliusikia mlio, nao wakaendelea na kazi yao. Ndipo wakaleta umeme: mkandamizo ukizidi, mgonjwa alipigwa na mshtuko kwapani, mahali ambapo hisia ilikuwa bado hai. Na hapo ndipo ilipoonekana tabia ya mwanadamu. Mgonjwa aliyetaka kumaliza kazi yake alizima chombo, akaifanya kazi, kisha akakiwasha tena. Jaribio likaachwa. Brand alisimulia habari hiyo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1993, miaka kumi kabla ya kufa kwake. Maumivu tuliyozaliwa nayo yana faida moja kubwa, ya kuwa hayana swichi.

Basi, ndugu, mimi na wewe ambao hatukanyagi kidonda, twafanya hivyo kwa hekima? Kwa kuwa tu watu wa kiasi na utii? La. Twafanya hivyo kwa sababu mguu wetu hupiga kelele. Mtoto wa miaka miwili asiyejua neno la daktari huinua mguu wake akichomwa na mwiba. Yule mzee seremala ameondolewa mlinzi ambaye sisi sote twamtegemea usiku na mchana bila kumshukuru, kisha twamwambia alinde mlango kwa akili tu, kila hatua, mwaka baada ya mwaka, naye akishindwa twamwita mkaidi. Mwaka 2003 madaktari wa Marekani walieleza jinsi walivyowafungia wagonjwa 20 wenye vidonda, kiunoni na katika mabuti yao, vyombo vya kuhesabu hatua. Ilionekana kwamba katika hatua zote za siku, walivaa buti kwa hatua 28 tu katika kila mia. Hatudhani kwamba wote walikuwa watu wabaya. Walikuwa watu ambao miguu yao haikuuma.

Nchini kwetu jambo hili lina sura yake. Madaktari wa Dar es Salaam waliandika mwaka 2005 habari za wagonjwa wa sukari walioumwa na panya miguuni usiku walipolala. Sote tumekua tukisikia ya kwamba panya huuma akipuliza, ili mtu asiamke. Kwa mgonjwa huyu panya hana haja ya kupuliza. Mtu huamka asubuhi, akaona damu katika shuka, ndipo ajue kwamba ana jeraha. Je, huyu naye tumwambie kwamba hakuuhurumia mguu wake?

Twaandika haya si kwa kujiona wema. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika tuliokuwa tukiutumikia, alikuwako mama mjane, mwenye sukari, aliyekuwa akija ibadani kwa miguu kutoka mbali, upande wa pili wa mto. Siku moja tuliona bandeji katika mguu wake, tukamwuliza habari. Akacheka, akasema, “Mwanangu, hauumi hata kidogo.” Nasi tukafurahi. Jumapili ile ile tulimsimamisha mbele ya watu, tukamsifu kuwa mfano kwa vijana wanaochelewa wakaao karibu na kengele. Hakukosa Jumapili hata moja baada ya hapo. Angewezaje, naye amekwisha kusifiwa? Tulikwenda kwake mara mbili, tukanywa chai, tukazungumza habari za watoto. Hatukuomba kuuona mguu. Mtu wa umri wetu kumwomba mama wa umri ule avue kiatu na kugeuza unyayo wake tuliona ni kukosa adabu. Alikatwa mguu chini ya goti. Alipotuona hospitalini alituomba msamaha kwamba hataweza kuja ibadani kwa muda. Tangu siku hiyo hatuwezi kusikia neno “hauumi” tukafurahi.

Lakini tukisema kwamba mgonjwa si mkaidi, hatusemi kwamba hana wajibu. Ana macho, ana mikono, ana watu wa nyumbani. Asiyeweza kusikia aweza kutazama. Na hapa pana jambo gumu ambalo tumeliwaza sana. Iko njia moja ya kale ya kutibu kidonda cha unyayo, ambayo Brand alisaidia kuieneza Marekani: kuufunga mguu wote kwa plasta ngumu hata chini ya goti, ili uzito ugawanyike mguu mzima. Plasta hiyo haivuliki. Katika jaribio jingine la Marekani la mwaka 2001, lenye wagonjwa 63, waliofungwa plasta walipona karibu 90 katika mia ndani ya majuma 12. Waliopewa buti la kuvua 65. Na waliopewa nusu-kiatu 58. Wasomi wengi waamini ya kwamba sehemu kubwa ya tofauti ni hii tu, kwamba plasta haivuliki. Ndiyo maana madaktari wengine huchukua buti lile lile la kuvua, wakalizungushia bandeji ya plasta, nalo likawa jingine.

Je, ni haki kumfunga mtu mzima mguu asiweze kuufungua kwa faida yake? Seremala hapigi randa vizuri kwa mguu wa plasta. Mke wake na wajukuu hula kwa randa ile. Mtu akifungwa pasipo kuulizwa, amefanywa mtoto. Lakini mtu akijijua kwamba atasahau, akasema kwa kinywa chake, “Nifungeni, maana najijua,” hapo twaona heshima kubwa kuliko ya yule asemaye “niacheni huru.” Sharti lake ni moja, nalo latuangukia sisi: aliyekubali kufungwa asiachwe afe njaa. Ikiwa mtaa utamwambia asisimame miezi mitatu, mtaa umechukua pia swali la unga na sabuni kwa miezi mitatu. Yaonekana kwetu kwamba wengi husema “hatii” kwa sababu neno hilo ni rahisi kuliko debe la mahindi.

Kwa hiyo, mwalimu, jibu letu ni hili. Wa kwanza wameogopa bure. Wa pili wana haraka. Wa tatu wamehukumu kabla ya kuuona mguu. Mchango ukusanywe, lakini usinunue chombo sasa. Nauli ya kliniki itangulie, na mzee apimwe kama damu yafika miguuni, maana isipofika, hata plasta yaweza kumdhuru. Sugu ikatwe na mwenye ujuzi, si kwa wembe wa nyumbani. Ulizeni kama plasta au buti hupatikana katika hospitali ile, na mzee mwenyewe achague baada ya kuelezwa vema. Nyumba na itafutiwe paka. Siku 30 zikipita katika matunzo hayo na kidonda kikakaa vile vile, daktari mwenyewe aulizwe habari za umeme, nasi hatutaona vibaya kuchangia mara ya pili.

Iko habari moja tena, iliyofika tulipokuwa tukimaliza kuandika. Mwalimu ameandika ya kwamba wazee walikwenda kwa seremala, na kwa mara ya kwanza waliomba kuuona unyayo. Aliona haya, hasa kwa sababu mkwewe alikuwa amesimama mlangoni. Aliyeuvua mguu mwishowe ni mjukuu wake wa kike, mwenye miaka tisa, ambaye kwa utani wao humwita babu yake “mume wangu,” naye hana haya yo yote juu yake. Tangu siku hiyo yeye ndiye mkaguzi. Kila jioni huleta kiti kifupi na taa, huuweka mguu wa babu mapajani mwake, hutazama kati ya vidole, kisha hukung'uta viatu. Juma lililopita alikuta katika kiatu cha kushoto, mguu ule mwingine ulio mzima, msumari mdogo wa inchi moja uliosimama, umekwisha kutoboa soli. Mzee alikuwa ameuvalia kutwa nzima. Mtoto akamwuliza kama hakusikia, naye akajibu kwamba hakusikia kitu.

Kidonda cha kuume, asema mwalimu, kimepungua, hakijafunga. Meza ya seremala imekatwa miguu ili apige randa akiwa ameketi.